Rejimu ya Matabishi

Jambo hili limetugharimu kilo kumi na moja, na zote zimetoka mwilini mwa mama yangu. Nimezihesabu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye kituo cha afya, ambako muuguzi alinisomea namba ya mwaka jana, halafu namba ya siku ile, akaniachia mimi kazi ya kutoa. Mara ya pili ilikuwa sokoni, kwenye mizani ya jirani yangu anayeuza mchele wa Kiringye. Mizani hiyo humwongezea mwenyewe kidogo kila inapopima, soko zima linajua, nami nilitumaini itamwongezea na mama. Haikumwongezea hata robo. Alisimama juu yake ameshika mkono wangu, nikauondoa mkono ili nisiharibu hesabu, na namba ikabaki ileile.

Mama amepita miaka sabini. Aliteremka kutoka milima ya Lemera akiwa ameolewa juzi tu, akalima huku bondeni, akazaa watoto saba, na sijawahi kumwona mnene hata siku moja. Hizo kilo kumi na moja hakuwa nazo za kutoa. Naandika haya kwa sababu mimi ndiye niliyemwingiza, na nimejaribu kumtoa kwa kila njia ninayoijua. Nami najua njia nyingi.

Kazi yangu ni kuuza mawese. Yanakuja kwa bidoni, yale madumu makubwa, kutoka upande wa Fizi, nami nayauza kwa chupa na kwa kikombe, hapa Uvira, tangu watoto wangu wakiwa mgongoni. Mtu akitaja bei mbele yangu, namwacha aitaje mara ya pili, kwa sababu mara nyingi ya pili inakuwa ndogo kuliko ya kwanza. Watoza ushuru wa soko wakiniona wanaanza kwa jirani. Sisemi hayo kwa majivuno. Nayasema kwa sababu sifa hiyo ndiyo iliyotuponza.

Mwaka jana, kiangazi, nilienda kwa fundi wa nguo kushonesha kwa ajili ya harusi ya mtoto wa ndugu yetu. Fundi alinipima kiunoni, akaandika, akafuta, akapima tena. Mtu anayehesabu mara mbili hunitia wasiwasi, kwa sababu najua kwa nini anafanya hivyo. Alisema tu kwamba kitenge hakitatosha, niongeze yadi mbili. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika kwa yadi mbili.

Wiki hiyohiyo yule ambaye watu wanamwita kochi alikuja kwenye uwanja wetu, pale Rugenge. Msichana mwenye adabu, amevaa viatu vyeupe vya mazoezi ambavyo sijui alivipitisha wapi, maana vumbi letu halikuwa limevigusa. Alikuwa na simu yenye picha za wanawake wawili wawili: huyu kabla, huyu baada. Alisema anafundisha rejimu, kupunguza mwili kwa kuchagua chakula, na kwamba maelezo anayatuma kwenye simu kila asubuhi. Sisi wanawake watano tulikuwa tumekaa tunachambua maharagi.

"Ni bei gani?" nikauliza.

"Dola kumi na tano, mama. Siku makumi mbili na moja."

"Kumi na tano ya kula ao ya kutokula?"

"Ya kutokula."

"Njo hapo sielewe. Kula njo kunalipishwaka. Kutokula, bantu ba Uvira banafanyaka bule."

Wenzangu walicheka mpaka maharagi yakamwagika. Kochi naye akacheka, na hapo nikajua nimeshinda, kwa sababu muuzaji anayecheka ameshaanza kushuka. Tulifika dola tisa. Alinyoosha mkono kupokea, nami nikaushikilia mkono wangu nyuma kidogo.

"Na matabishi?"

Kwa wasiokuwa wa kwetu: matabishi ni kile kinachoongezwa juu baada ya kipimo kujaa. Ukinunua unga, unaongezewa kiganja. Ukinunua ndagala, unaongezewa samaki kadhaa wa kushika kwa vidole. Hata mimi kwenye chupa ya mawese naongeza kijiko. Asiyedai anaonekana mgeni, na asiyetoa hawamrudii.

"Mama, mu rejimu matabishi nitakupatia gani? Nikuongezee njaa juu?"

"Weye njo unauza. Tafuta."

Alifikiri, maskini, akiangalia viatu vyake. Halafu akasema, "Sawa. Leta muntu mumoja, atafanya pamoja na weye, bule."

Nilizunguka siku mbili nikimtafuta huyo mtu mmoja. Jirani wa kwanza alisema ataanza siku watoto wake wakiacha kumaliza chakula chote kabla yake. Wa pili ananyonyesha. Dada yangu, aliyekuja kunisalimu, aliniuliza kama nimekosa kazi ya kufanya. Na matabishi yaliyolipiwa yalikuwa yamelala tu, yananiuma kama pesa iliyoanguka mferejini huku naiona. Basi jioni nikamgeukia mama, ambaye anaishi na mimi tangu baba afariki, na ambaye alikuwa ameketi anamenya ndizi bila habari.

"Mama, na weye utaingia mu rejimu."

"Niko mugonjwa?"

"Hapana."

"Niko munene?" Aliuangalia mkono wake, mbele na nyuma, kama anautafuta huo unene.

"Hapana, mama. Iko bule."

Akamenya ndizi nyingine. "Kama weye njo ulilipa," akasema, "basi iko kintu kizuri." Na nilifurahi, Mungu anisamehe, kwamba matabishi yamepata mtu.

Karatasi ya kochi ilikuwa ya Kifaransa, na mama Kifaransa hakijui, kwa hiyo ilibidi nimsomee. Nilikaa chini kwenye mkeka, yeye kwenye kiti chake kifupi, nikatafsiri mstari kwa mstari. Karatasi yenyewe ilitungwa mahali ambako watu wanakula jibini na soseji asubuhi, kwa hiyo sehemu ya kwanza haikumpa shida: ni rahisi kuacha kitu ambacho hujawahi kukiona. Lakini chini, kwa kalamu, kochi alikuwa ameongeza vya kwetu. Mawese. Bugali. Sombe, yaani majani ya muhogo, kwa sababu inapikwa na mawese. Mchele mweupe. Viazi. Ndizi mbivu, kwa sababu ya sukari. Avoka, kwa sababu ya mafuta. Karanga, mafuta tena. Ndagala za kukaanga. Maharagi, eti yanajaza tumbo hewa. Na vingine. Nilihesabu kumi na tatu. Nikahesabu tena, nikidhani nimesoma mstari mmoja mara mbili. Kumi na tatu.

Mama alikuwa anakunja kidole kwa kila kimoja. Vidole vyake vilipokwisha, akaomba kuazima vyangu.

"Bugali ya muhogo ao ya mahindi?"

"Imeandikwa bugali tu."

"Basi zote. Na sombe, nikiipika bila mawese?"

Nikatafuta. "Haisemi."

"Basi tuiache. Ya mashaka tuiache."

Kwa upande wa ruhusa kulikuwa na tufaha, mtindi, shayiri, tango, kabichi ya kuchemsha, samaki bila mafuta, na maji ya moto yenye ndimu. Tufaha linatufikia kutoka Bujumbura, moja moja, kama mgeni wa heshima, na kwa bei ya tufaha moja nyumba nzima inakula ndagala. Samaki mukeke wa kuchoma, ni siku ziwa likiwa na huruma. Kwa hiyo zilibaki kabichi, tango na maji ya ndimu. Ilinijia pale pale kwamba asubuhi ninauza mawese na jioni ninasoma kwa sauti kwamba mawese ni sumu. Sikumwambia mnunuzi yeyote. Nilihesabu hilo ni kati yangu na bidoni zangu.

Mimi niliacha siku ya nne. Kuna mwanamke anayetupikia sokoni, na siku hiyo alifunua sufuria ya sombe mbele yangu bila kunionea aibu. Nilikula, nikaongeza, nikajisamehe zile dola tisa. Hasara naijua, dawa yake ni kuikata mapema. Nyumbani sikumficha mama. Nilimwambia nimeacha, naye akasema haidhuru, mimi nina kazi nzito ya kubeba bidoni, lakini yeye ataendelea kwa niaba yetu wote wawili ili pesa isipotee. Nilicheka. Nilidhani atafika siku ya ishirini na moja, amemaliza matabishi yangu, na maisha yatarudi jikoni.

Siku ya ishirini na mbili nilipika mwenyewe. Sombe iliyotwangwa vizuri, karanga ndani, mawese ya bidoni ambayo huwa siiuzi, ndagala pembeni, bugali ya muhogo inayovuka ukingo wa sahani. Mama alinawa mikono, akanisogezea chakula, akaketi kando yangu na bakuli lake la kabichi.

"Mama, siku zilikwisha."

"Zako."

"Na zako pia. Makumi mbili na moja."

"Sasa kintu kibaya kinakuwa kizuri siku ya makumi mbili na mbili?"

Aliuliza kwa upole, alitaka kweli kujua. Nami ninayewajibu watoza ushuru kabla hawajamaliza kuuliza, nikaanza kuhesabu ndagala zangu.

Baada ya mwezi watu wakaanza kuja. Kwetu mtu mzee akipungua namna hiyo, wanakuja. Kwanza wanawake wa kanisa lake, wamevaa vitenge vya kwenda kuona mgonjwa, wanaongea kwa sauti ya chini. Walileta mchele, sukari, ndizi mbivu, mayai. Mama aliwashukuru, akawauliza habari za watoto, na walipoaga akawagawia vilevile walivyoleta. Mmoja, jirani wa ukuta mmoja, alinivuta kando penye jiwe la kufulia.

"Dada, usikasirike. Bantu banasema mu nyumba yako mama anakula kabichi, na weye unakula ndagala."

"Ni kweli," nikamwambia.

Alingoja niongeze kitu. Nikamsindikiza hadi njiani.

Nikaanza kujaribu hila. Mtu mwingine, mahali pengine, angemwekea mzazi wake mafuta kidogo ndani ya kabichi akanyamaza. Mimi nauza mawese, na mawese hayana siri. Kijiko kimoja tu na kabichi inageuka rangi ya machweo, hata kipofu angenusa. Nilijaribu unga wa karanga, nikausaga mpaka ukawa kama poda, nikaupepeta mara mbili, nikauchanganya taratibu. Mama alionja, akaweka kijiko chini. Hakugomba. Alisema, "Usinitege, mama. Minye nimezeeka, sikosi meno ya kujua." Akaniita mama, kama anavyoniita akinihurumia, na akanywa maji yake ya ndimu. Siku hiyo hakula kitu kingine. Kwa hiyo hila yangu ilimtoa hata kabichi. Niliacha hila.

Ndipo nikampeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi alikuwa kijana mtulivu. Alimpima uzito, akampima damu, akampima tansiyo, yaani presha, akamsikiliza kifua, akamuuliza maswali mengi, na mwisho akavuta kiti akaketi mbele yake.

"Mama, sukari iko sawa. Tansiyo iko chini kidogo. Ugonjwa sijauona. Uko na njaa."

"Njaa minye siisikie."

"Imechoka kukuita."

Alimweleza vizuri, kwa maneno ya nyumbani. Kwamba kijiko cha mawese kwenye sombe hakijamuua miaka sabini, na kina faida kwa macho yake. Kwamba maharagi na ndagala ndiyo nyama ya watu wetu. Kwamba avoka si adui wa mtu, na bugali kwa mwenye mwili kama wake haihitaji kuogopwa, inahitaji mboga pembeni. Nami, kwa kuwa namjua mama yangu, nikamwomba muuguzi ayaandike. Kwa Kifaransa. Na apige muhuri.

"Muhuri wa bugali?" akauliza.

"Piga, mwanangu."

Akaandika kama anaandika dawa: bugali, sombe na mawese, maharagi, avoka, ndizi mbivu, kila siku. Akapiga muhuri wa bluu. Nilitoka pale natembea kama mtu aliyeshinda kesi. Karatasi kwa karatasi, Kifaransa kwa Kifaransa, na yangu ilikuwa na muhuri.

Nyumbani nilimsomea mama mara mbili. Alisikiliza kwa umakini uleule.

"Hii ulilipa ngapi?"

"Hakuna, mama. Tulilipa tu ile ya kuingilia."

"Na ile ingine?"

Nilijua pale pale mahali anapokwenda, kama unavyojua mnunuzi anayekaribia kuondoka. "Dola tisa."

Aliikunja karatasi ya muuguzi kwa heshima, akaiweka ndani ya Biblia yake. Ya kochi iko ukutani, juu ya jiko, imebandikwa kwa uji wa muhogo.

Basi nikaamua kumwambia ukweli, ule ambao mtu wa soko hausemi hata kwa padri. Niliketi kwenye mkeka, nikamwambia, "Mama, nilidanganywa. Ile pesa niliitupa. Ile karatasi haiko kintu."

"Weye?"

"Minye."

Akacheka. Alikuwa hajacheka wiki nyingi, nami nikafurahi kuusikia ule mcheko, mpaka nilipoelewa maana yake. "Bantu ba ushuru banakukimbia," akasema, anajipangusa macho. "Nani alikuweza? Kale katoto ka biatu byeupe? Hapana, mama. Weye haujanunuaka uongo tangu uzaliwe." Nilimwapia. Alinipigapiga mkononi, kama mtu anayemtuliza mtoto anayejisingizia kosa la mwenzake.

Ilibaki kochi mwenyewe. Nilimkuta kwao, upande wa Mulongwe, anaanika nguo. Nilikuwa nimebeba chupa ya mawese, kwa sababu mtu haendi kuomba mikono mitupu, na maneno ya ugomvi niliyoyaandaa njiani nilikuwa nimeyapanga kuanzia dogo hadi kubwa. Sikulitumia hata moja. Nilimweleza, naye akaacha nguo kwenye beseni.

"Mama yako iko na miaka ngapi?"

"Sabini na kitu."

Akakaa juu ya tofali. "Mama, muntu wa vile minye singemuweka. Hata kwa pesa singemuweka. Uliomba matabishi, nilifikiri utaleta rafiki yako." Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali. "Na bile nilivyoandika chini na kalamu," akaendelea, "nilivikamata mu grupu mu simu. Nilifikiri vinafanya karatasi ikuwe ya kwetu."

Alikubali kumtumia mama ujumbe wa sauti. Aliurudia mara tatu mpaka ukamridhisha. Chupa aliipokea, akaiinua kwenye mwanga. "Iko ya Fizi?" Nikasema ni ya Fizi. Akaipeleka ndani, jikoni kwake, na nikasikia mama yake akishukuru.

Nyumbani nilimwekea mama simu sikioni. "Jambo, mama. Ni kochi. Siku zako zilikwisha zamani, ulifanya muzuri sana. Sasa kula. Kula bugali, kula mawese, kula yote. Ile karatasi haikukuwa ya weye." Mama aliomba kusikia tena. Nikaweka tena.

"Ulimupatia nini aseme vile?"

Mama yangu sijawahi kumdanganya. Ningeweza kuanza siku ile. "Chupa moja ya mawese."

"Na alikamata?"

"Alikamata. Banapikia na wao kwao, mama. Minye nilisikia."

Alinirudishia simu, na nilidhani nimeshinda. Halafu akasema maneno ambayo tangu siku ile natembea nayo, nikipima mafuta nayasikia.

"Mama, acha kuhangaika. Haiko kochi, haiko karatasi. Minye nilikulisheni nyote saba bugali na mawese, kwa mikono hii. Nilisema ninawapatia nguvu. Halafu weye, mwenye akili kuwapita wote, ulienda kulipa pesa bantu bakuondolee kile nilikutiaka. Weye haulipaka bule. Kama ulilipa, njo kusema niliwaharibu."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia ilikuwa yadi mbili za kitenge tu.

"Na yule wetu aliyekufa," akasema. "Nilimulisha maharagi na mawese mpaka siku ya mwisho. Nilimubembeleza akule."

Ndugu yetu huyo wa tatu alikufa kwa surua, kabla sijaanza shule. Uvira nzima ilikuwa na surua mwaka huo. Nilimwambia hivyo. Aliitikia, "Ee, surua," kwa sauti ya mtu anayekubali bei ili muuzaji aondoke. "Lakini minye sasa nisikosee tena. Angalau kwangu mwenyewe, nisikosee tena."

"Niangalie minye, mama. Nilikulaka nini? Si ile ile? Niko hapa, nabeba bidoni."

Aliniangalia kweli, kuanzia kichwani hadi miguuni, kwa upendo wote. "Uko munene kidogo," akasema, taratibu, kama anaomba radhi.

Nimeuza vitu maisha yangu yote, na siri yake ni ndogo: tafuta kile ambacho mtu anaogopa kupoteza, halafu mpunguzie. Sasa nimempata mtu ambaye anachoogopa kimeshapotea, miaka mingi, kabla sijajua kuhesabu, na mimi ndiye niliyekwenda kumfunulia kwa dola tisa. Sina bei ya kumshushia. Hata nikiupunguza mwili wangu mpaka nirudi kwenye kipimo cha zamani cha fundi, nitakuwa nimethibitisha karatasi. Nikiuacha ulivyo, nimeithibitisha vilevile.

Kwa sasa mambo yako hivi. Asubuhi mama anafunga kitenge chake, na kwa kuwa kinazunguka kiuno mara mbili na bado kinabaki, anakikunja juu na kufunga kwa kamba. Anapanda ngazi tatu za mlango wetu akipumzika kwenye ya pili. Ananipikia mimi na watoto wangu kila mchana: sombe, maharagi, mchicha wa lengalenga, mawese anayamimina kwa kipimo chake kilekile cha zamani bila kupungua tone, kwa sababu, anasema, mimi nimeshachagua. Anapika bila kuonja. Chumvi anaikisia, na haikosei. Halafu anaketi nasi. Muuguzi ameniambia nimrudishe baada ya wiki mbili, na kwamba namba ikishuka tena, hata kidogo, atatupeleka Lemera kwenye hospitali kubwa. Sijamwambia mama. Lemera ni kwao, nami sitaki apande mlima huo kwa sababu hiyo.

Mimi huwa siombi ushauri. Ushauri wa bure naukagua zaidi ya ule wa kulipia, na katika hilo naona nimefanana na mama kuliko nilivyojua. Lakini najua sokoni na mtaani kuna watu wengi ambao wazazi wao waliacha kula kwa jambo waliloambiwa, au kwa huzuni, au kwa kitu kilichosomwa na mtoto wao mwenyewe. Kama wako alirudi kwenye sahani, naomba uniambie alianzia wapi. Ilikuwa mchuzi, au tunda, au ilikuwa mtu fulani aliyekuja kuketi naye? Ulimwambia nini kuhusu mtoto aliyekufa? Nipo upande wa mafuta kila siku isipokuwa Jumapili. Usiwe na haya kuja bila kununua, na uje kabla wiki hizi mbili hazijaisha.